Kasha la klarineti: tafuta lisilo na nafasi

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Muheza. Jumapili napiga klarineti kanisani, na Jumamosi zenye harusi napiga na kikundi chetu Tanga mjini. Klarineti niliachiwa na marehemu baba mdogo, aliyekuwa bendi ya askari. Ni ya mbao, imeandikwa Boosey & Hawkes, London. Kasha lake limechoka: bawaba moja imeng'oka, kufuli la kushoto halishiki, na ndani linanuka uvundo. Nimeona makasha matatu. La kwanza ni gumu, la plastiki, la mtumba, liko Kariakoo. La pili ni la kitambaa cha nailoni lenye fremu ya mbao ndani na mifuko minne nje. La tatu ni begi laini la kuvaa mgongoni, jepesi na la bei ndogo. Natoka nyumbani kwa bodaboda hadi stendi, napanda Coaster, na mara mbili kwa mwaka tunavuka kwenda Pemba. Nabeba nota, stendi ya nota, stendi ya klarineti, miwanzi (vile vibapa vyembamba vinavyotetemeka ukipuliza), grisi ya viungio, kitambaa cha kufutia, tyuna ya kupimia sauti, chupa ya maji na shati la kubadilisha. Lipi litatosha vyote hivi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole kwa msiba, na hongera kwa kuitunza mali ya baba mdogo.

Jibu langu litakuudhi kidogo: usinunue linalotosha. Kasha zuri la klarineti ni lile ambalo ukishapanga vipande vitano ndani na kulifunga, hapabaki nafasi hata ya kuficha pipi. Nilipiga ala hii miaka 26 katika bendi ya askari, na miaka 11 sasa natengeneza za watu hapa barazani kwangu. Zilizoletwa kwangu kwa sababu zilianguka ni chache. Nyingi zimeumizwa na vitu vilivyosafiri nazo: kopo la grisi, bisibisi, stendi, au kitabu cha nota kilichokandamizwa juu ya funguo, vile vichuma vya kubonyeza kwa vidole, ili kifuniko kikubali kufunga.

Na mimi mwenyewe nimo. Mwaka wangu wa tatu kazini tulipelekwa kwenye gwaride, tukapanda lori. Ndani ya kasha, katikati ya vipande viwili virefu, nilikuwa nimechomeka kopo la grisi na kipande cha chuma cha stendi, nikajisifu kwa kupanga vizuri. Barabara ilikuwa ya matuta. Tulipofika nikafungua, nikaunganisha, nikapuliza: sauti za juu zipo, za chini hakuna. Ule mkono mdogo wa chuma unaovuka kutoka kipande cha juu kwenda cha chini ulikuwa umepinda upana wa ukucha. Ukipinda huo, pedi, kile kifuniko laini chini ya ufunguo, haikai kwenye tundu lake, na pedi isipokaa, hewa inatoroka. Gwaride zima nilitembeza vidole bila kupuliza, nimejificha nyuma ya tuba. Kiongozi wa bendi alinigundua kwa mashavu. Niliyavimbisha ili nionekane napuliza, na mpiga klarineti wa kweli havimbishi mashavu. Adhabu yake siisimulii hapa.

Kwa hiyo nikikuchagulia kasha, mifuko siiangalii kwanza. Naangalia kama klarineti imelala imeshikwa pande zote, bila kitu kinachogusa funguo.

Begi laini la mgongoni liache, mwalimu. Lingekuwa la klarineti ya plastiki ya mtoto ningelivumilia. Mbao ya mpingo, inayochongwa klarineti, ni ngumu na nzito kiasi kwamba ukiitupa majini inazama, na watu wakisikia hivyo wanadhani haiumii. Kumbe ugumu ule ndio unaoifanya ipasuke badala ya kupinda. Ukiwa nyuma ya bodaboda na begi laini mgongoni, siku dereva atakapofunga breki, au abiria wa nyuma kwenye Coaster atakapokuegemea, kinachopokea uzito ni funguo.

Kasha la plastiki la Kariakoo linaweza kuwa zuri au takataka, na nje huwezi kujua. Fungua, bonyeza sponji la ndani kwa kidole gumba, kisha achia. Likirudi juu taratibu, sawa. Likibaki na shimo, au kidole kikitoka na unga mweusi unaonata, funga kasha, mshukuru muuzaji, nenda zako. Sponji la aina ile likizeeka kwenye joto na unyevu linaoza, na ule unga unaingia kwenye vichuma na pedi. Niliwahi kutumia siku nzima na kijiti cha meno nikiutoa kwenye klarineti ya kijana mmoja.

La nailoni lenye fremu ya mbao ni aina inayouzwa na kampuni kama Protec. Silidharau, ni kasha la mtu anayefanya kazi. Hatari yake ni ile mifuko minne unayoipenda. Mfuko wa nje ukijaa, kitambaa kinasukumwa, na kama fremu ya kifuniko ni nyembamba, kifuniko nacho kinasukumwa kuelekea funguo. Ukilinunua, mfuko mkubwa uweke nota tu, tena zisizozidi unene wa daftari. Kuna pia makasha ya Wafaransa wa kampuni ya BAM, magumu na mepesi, ambayo ndani yana povu lililobanwa kati ya matabaka mawili ya plastiki. Ni mazuri sana, ila bei yake kwa mshahara wa ualimu ni kichekesho, basi tusipoteze muda huko.

Sasa nikuulize: mbona kasha la nne hukulitaja? Lile la baba mdogo.

Makasha ya zamani ya Boosey & Hawkes yalitengenezwa kwa mbao, yakafunikwa nje, na ndani yakachongwa vitanda kwa kufuata umbo la klarineti ile ile. Hilo ndilo unalotaka kununua, na unalo. La dukani lilikatwa kwa kufuata klarineti ya siku hizi. Yako ya zamani huenda funguo zake zimekaa tofauti kidogo, na tofauti ya nusu sentimita inatosha kuufanya ufunguo mmoja ulale umebanwa usiku kucha, mwaka mzima. Asubuhi unajiuliza kwa nini pedi ile haifungi.

Lipime, na kwa kuwa u mwalimu kifaa unacho: chaki. Saga chaki kidogo, gusisha unga wake kwa kidole juu ya funguo zilizoinuka zaidi, hasa zile za pembeni na ule mkono wa katikati. Funga kasha polepole, ukandamize kifuniko kama mtu anayelikalia, kisha fungua. Ukiona alama ya chaki kwenye kitambaa cha kifuniko, kasha linakandamiza funguo hapo. Usipoona, liinue hadi sikioni ulitikise taratibu kama mama anavyotikisa nazi sokoni. Likinyamaza, ni kasha. Likisema neno lolote, tafuta nani anasema. Mara nyingi ni kile kipande cha kupulizia, kimelegea kwenye kitanda chake, au bareli, kile kipande kifupi kinachofuata. Ukimaliza, ifute chaki yote kwa brashi laini. Jaribio hili lifanye na la nailoni pia, hapo hapo dukani, na klarineti yako mkononi. Muuzaji akikukataza, huyo hauzi kasha la klarineti, anauza sanduku.

Uvundo unaondoka. Toa klarineti kwanza, iviringishe vipande vyake kwenye taulo kavu, iweke kabatini, si juu ya sakafu ya sementi. Kasha lianike juani wazi siku tatu, usiku uliingize ndani, kila asubuhi ulipige brashi. Nasema kasha, si klarineti! Klarineti ya mbao usiianike juani hata dakika tano. Siku ya nne pua bado ikikataa, ukungu umeingia chini ya kitambaa. Bandua kitambaa, piga msasa mbao, bandika velveti mpya, kisha liache wazi wiki nzima mpaka harufu ya gundi iishe. Usiweke nafthalini. Najua kila nyumba ya pwani inayo kwa ajili ya wadudu, na kweli wapo vidudu vinavyotafuna sufi ya pedi, lakini hii ni ala unayoitia mdomoni.

Kitanda kilicholegea kikaze kwa vipande vya kandambili. Sitanii. Ule mpira mwepesi wa kandambili haunywi maji, unakatika kwa wembe, na unashika bila kuuma. Sponji la godoro usitumie, linakunywa unyevu kama kitambaa cha deki. Kata kipande, kifunike kwa velveti, bandika ubavuni mwa kitanda, kamwe si juu ya funguo.

Bawaba na kufuli mpelekee fundi wa masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni. Tanga mjini wapo. Mwambie akupigie ribiti, asitumie misumari, na skrubu zozote zisitokeze ndani. Mpaka atakapomaliza, na hata baadaye, zungusha kasha mkanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kasha langu halijafunguka barabarani tangu nianze kufanya hivyo. Mkanda huo ubaki nje siku zote, maana mpira wa tyubu una salfa, na ukilala karibu na funguo zilizopakwa fedha zitageuka nyeusi.

Jambo moja dogo lililomliza zaidi ya mtu mmoja: makasha mengi huwezi kujua upande upi ni juu. Mtu analiweka mezani kichwa chini, anafungua, na klarineti inamwagika sakafuni mbele ya bwana harusi. Bandika stika juu ya kifuniko. Mimi niliweka ya ndizi, ile inayokuja dukani, na watu wananicheka mpaka leo.

Sasa tuje kwenye mizigo yako. Vitu vyote ulivyotaja viweke kwenye begi la pili, la kawaida la mgongoni, hata la shule. Ndani yake chupa ya maji iwe upande mmoja, nota upande mwingine, kwenye faili gumu la saizi ya A4. Shati liwe katikati, lizuie maji na karatasi visijuane. Stendi ya nota ifunge pembeni kwa nje. Ongeza vibanio sita vya nguo, maana harusi za uani upepo wa bahari hauheshimu nota, na penseli mbili. Ndani ya kasha nakuruhusu vitu vitatu tu, tena kila kimoja mahali pake: kitambaa cha kufutia kikiwa kikavu, miwanzi ikiwa kwenye kibweta chake kigumu cha bapa, na grisi ikiwa kasha lina kijumba chake chenye mfuniko. Stendi ya klarineti ya kukunja, ile inayoingia ndani ya beli, ule mdomo mpana wa chini, naisamehe pia ikiwa haichezi, kwa sababu haikutani na funguo. Kitambaa chenye maji kiache nje, kining'inie kwenye begi. Wengi wanafuta klarineti vizuri kabisa, halafu wanayarudisha maji yale yale ndani ya kasha na kulifunga.

Pwani yetu hewa ni nzito. Vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya ni vizuri, ila vinashiba upesi. Weka viwili, vibadilishe kila mara. Hata pakiti za Boveda, zinazoshikilia unyevu wa asilimia 49, kwenye kasha linalopitisha hewa ya bahari zitashiba mapema. Kinachofanya kazi kwetu ni mazoea: ukifika nyumbani kutoka harusini, hata kama ni saa nane usiku na umechoka, fungua kasha liache wazi nusu saa mahali pasipo na panya wala mtoto.

Kwenye bodaboda vaa begi la mgongoni kifuani, na kasha lishike mapajani, kati yako na dereva. Kwenye Coaster lisiende kwenye buti wala juu ya injini, lile joto linalegeza gundi ya pedi. Kwenye boti ya Pemba lisikae sitaha, hata wakikuambia kuna nafasi. Mvua ikikukuta njiani lifunike kwa kiroba, ukifika kivue mara moja.

Ukishindwa kabisa kulifufua la baba mdogo, nunua la nailoni, likipita mtihani wa chaki.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka kumi na miwili, tuko Embakasi, Nairobi. Shule imempa klarineti ya plastiki ya Yamaha na kasha gumu lenye mpini, lakini analalamika mkono unauma na matatu zimejaa. Nimnunulie begi kubwa la mgongoni liingie kasha, vitabu na viatu vya michezo pamoja?

JIBU: Sijambo mama, asante. Mtoto ana haki. Klarineti yenyewe haifiki kilo moja, ni kasha linalolemea. Lakini usichanganye na viatu. Viatu vya mtoto wa miaka kumi na miwili, baada ya mpira, ni bahari nyingine ya unyevu.

Kama klarineti ni modeli ya YCL-255 au ndugu zake, mwili wake ni plastiki ya ABS, haipasuki kwa ukame wa Nairobi wala baridi ya Julai, kwa hiyo hofu yako iwe kwenye funguo tu. Mpelekee fundi wa mabegi kasha lile lile la shule, amshonee mfuko wa turubai wenye mikanda miwili mipana ya mgongoni, kasha likae wima humo ndani. Mwambie fundi asitoboe kasha, ni mali ya shule. Beli ikae chini na upande wa kipulizio juu, na mtoto ajue hivyo. Vitabu abebe mkononi au kwenye mfuko mwepesi. Kwenye matatu alivue, alikumbatie.

Na kagua kasha kila Ijumaa, mama. Utakuta ndani kalamu, kifutio, ganda la chipsi. Mjukuu wangu aliwahi kuweka kinyonga.

SWALI: Asalaam alaykum mzee wangu. Niko Unguja, nimealikwa kupiga Oslo mwezi Januari. Klarineti yangu ni ya mpingo. Wenzangu wananitisha kwamba mpingo umepigwa marufuku na nitanyang'anywa uwanja wa ndege. Na je, niipeleke kama mzigo au niingie nayo?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu.

Wenzako wamesikia nusu ya habari. Mpingo, pamoja na jamii yake, uliingizwa mwaka 2017 kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori. Hiyo si marufuku, ni udhibiti. Wanamuziki duniani walipiga kelele kwa sababu ya vibali, na tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika, na vipuri vyake vilivyokamilika, zilitolewa kwenye sharti hilo. Gogo la mpingo kutoka Kilwa ni habari nyingine, klarineti yako ni ala. Beba hata hivyo picha zake na karatasi ya kununulia kama unayo. Ofisa anayeona chombo cheusi chenye vichuma asichokijua, akipewa karatasi anatulia.

Ingia nayo ndani ya ndege. Kasha la klarineti moja ni dogo, linakaa chini ya kiti cha mbele yako, na huko chini liweke, si juu kwenye kabati ambako mtu wa nyuma atasukumia begi lake la magurudumu. Kasha la nailoni lililoshupaa linatosha kwa safari hii, mradi halitikisiki. Bisibisi yako ndogo iweke kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege, ama utaiacha kwenye ndoo ya ukaguzi. Grisi ichukue ya kipande kama ya kupaka mdomo.

Ninachokuogopea ni Januari yenyewe. Mpingo hupasuka pale ndani inapovimba kwa pumzi yenye joto na maji, huku nje kukiwa baridi na kavu. Oslo nje kuna theluji, na ndani ya nyumba hita zinakausha hewa. Ukifika usifungue kasha. Liache limefungwa ndani ya chumba saa moja au mbili lipate joto la chumba taratibu, ndipo ufungue, na vipande uvishike mkononi kidogo kabla hujapuliza. Huko ndiko pakiti ya unyevu ya asilimia 49 inafaa kweli, nunua moja ukifika. Siku tatu za mwanzo piga dakika kumi na tano, pumzika, futa, rudia. Wenyeji wako wakikuomba upige nje kwenye theluji kwa ajili ya picha, wape kasha walipige picha hilo.